Likizo ya dada, likizo yangu

Shule zimefungwa na kipupwe kimeingia. Watu wa Mbeya na Njombe watatucheka, lakini hapa Temeke usiku joto likishuka hadi nyuzi 20 tunasaka masweta, na alfajiri konda wa daladala ananing'inia mlangoni na kofia ya sufu kichwani. Kusi inavuma, jasho hakuna, feni imezimwa na hata umeme wa Luku unadumu. Kama Dar ina majira ya kupumzika, basi ni haya ya Juni mpaka Agosti. Desemba ni joto lisilolalika, na nusu ya mji iko stendi ya mabasi ya Magufuli ikigombania tiketi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari. Kwa watu wengi, mwalimu aliyefunga shule ni mtu asiye na kazi. Kabla sijamaliza kambi ya kidato cha nne, simu zilishaanza. Mzazi anataka tuisheni ya nyumbani. Shemeji ameshanipendekeza kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, "maana mwalimu wewe si upo tu." Wanakikoba nao wanaona kikao kihamie kwangu, kuna kivuli.

Tuisheni nimeikataa. Hela yake ni nzuri, sidanganyi, ndiyo iliyoezeka jiko langu. Lakini muhula huu nimesahihisha madaftari mpaka macho yanawasha, na Julai nataka kuingia darasani nikiwa na hamu ya kumweleza mtoto kwa nini mvua za masika huja na kwenda. Harusi nitachanga. Vikao wakae wenyewe.

Sehemu ngumu haikuwa simu. Ilikuwa dada wa kazi, naye anakwenda likizo, kwao Iringa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo kwa mwaka, sikukuu zikiwamo humohumo, na haimbagui anayefagia nyumba na anayefagia ofisi. Jirani yangu anayefanya kazi ghalani anazipata vipandevipande, leo siku tatu, mwezi ujao mbili, na hata hizo anapigiwa simu aje kufungua stoo. Sikutaka dada apumzike hivyo. Basi akapanda basi na begi lake, na mimi nikabaki na watoto nyumbani mchana kutwa, sufuria, nguo, na mtu anayeuliza kila saa tunakula nini.

Hapo ndipo nilipoona kwamba matangazo ya mapumziko yanatuzungusha. Bahari, hoteli, kitanda cheupe. Sina neno na Zanzibar, nikipata nauli nitakwenda. Lakini mama wa nyumba akienda Zanzibar na watoto, ameuhamishia mzigo Zanzibar. Swali langu lilikuwa dogo: nikikaa chini, nani anaosha vyombo?

Tukakaa kikao, maana kama ni vikao basi na sisi tuwe na chetu. Binti wa kidato cha kwanza na mdogo wake wa kiume wa darasa la tano wanapokezana vyombo na kufagia uwanja. Mama mkwe alipopiga akasikia mjukuu wake wa kiume yuko kwenye karai la vyombo, alinyamaza kidogo, kisha akaulizia hali ya hewa. Jumamosi ni ya baba watoto. Anapika wali, siku zote wali, na anatangaza kwamba chumvi imepungua kabla hatujaonja. Tunakula. Na asubuhi, tangu alfajiri mpaka saa tatu, ni yangu. Asiyeumwa asiniite.

Asubuhi nyingine nalala tu, na sioni haja ya kujieleza zaidi. Nyingine napanda daladala mpaka Posta, nashuka kwa miguu nikipita kanisa la Azania Front lenye vigae vyekundu, nafuata barabara ya Kivukoni mpaka Feri. Nalipa shilingi 200 navuka na pantoni kwenda Kigamboni. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 wengi tulidhani pantoni zitakosa watu. Wapi! Daraja liko Kurasini, na mtu wa miguu anayetoka mjini bado njia yake ni hii. Naipenda kwa sababu ukishaingia huna la kuharakisha: unasimama kati ya baiskeli na ndoo za samaki mpaka ifike.

Siku moja nilikutana humo na mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana bodaboda yake.

"Shikamoo mwalimu. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Siendi popote, navuka tu."

Akanitazama. "Haya mwalimu. Si lazima uniambie."

Ng'ambo nakunywa chai ya tangawizi na chapati, kisha natafuta ufuko. Mwezi ulipokuwa mpevu nilikuta bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida: maji yamekupwa mpaka mwamba umebaki mtupu na akina mama wanaokota chaza mbali kule. Nimechora bamvua ubaoni miaka na miaka, jua, dunia na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, na daima nachora huku natazama saa kengele isinikute. Safari hii saa tatu ilinipita, niliyaangalia maji hadi yakaanza kurudi. Hakuna aliyeniuliza swali, wala mimi sikumuuliza mtu.

Jana dada kapiga simu. Nilimuuliza amepumzika? Akacheka. Kule wanavuna mahindi, anaamka kabla ya jogoo, mikono imechubuka. Kumbe likizo ya mmoja ni msimu wa kazi kwao. Anaomba aongezewe wiki, wakimaliza kupukuchua apate angalau siku za kukaa na mama yake. Halafu akauliza, sauti ya mtu asiyeamini, eti ni kweli kaka mdogo anaosha masufuria?

Nimemkubalia wiki yake, na mshahara haukatwi. Baba watoto nitamwambia Jumamosi, akishapakua wali.