Neti ya shule ikiwa nzito anza kupima ndani kabla hujaongeza kifurushi

"Fundi, neti nzito, tumeongeza kifurushi na bado." Hii ndo simu ninayopigiwa na mashule kuliko zote, na nikisikia hiyo "tumeongeza kifurushi" roho inaniuma kwa sababu hela imeshatoka na mara nyingi tatizo halikuwa huko kabisa. Mimi napiga kazi za netiweki huku Morogoro, shule na ofisi ndogo ndogo, na leo naandika kuhusu shule moja ya sekondari, jina kapuni, maana karibu kila ugonjwa wa neti za shule niliukuta pale kwa mpigo, so mwalimu wa TEHAMA yoyote akisoma ajue pa kuanzia kabla hajamwita fundi.

Shule ina maabara ya kompyuta mashine 40, chumba cha walimu, ofisi ya mkuu, ofisi ya mhasibu na maktaba. Walikuwa na Mbps 10 (megabiti kwa sekunde, ndo spidi ya neti) wakapanda mpaka 20 na malalamiko yakabaki palepale. Mwalimu wa TEHAMA, dada mmoja mchapakazi kweli, kanipokea na daftari, kaniambia kaka mimi kila mtu akija kulalamika naandika, jina la chumba, saa, na alikuwa anafanya nini. Aisee lile daftari lilinisaidia kuliko kifaa chochote nilichobeba kwenye begi. Safu ya tatu ya maabara inalalamika muda wote, hata asubuhi mapema ambapo hakuna mtu mwingine. Maabara nzima inalalamika vipindi vya vitendo tu. Mhasibu analalamika mchana. Chumba cha walimu leo wana neti, kesho hawana kabisa, keshokutwa inarudi yenyewe. Hayo ni matatizo manne hayana undugu, sema kwa mkuu wa shule yote yalifika kama malalamiko mamoja, akaidhinisha dawa moja, kifurushi.

Cha kwanza nilichomoa waya unaoingia kwenye swichi ya shule, nikachomeka laptopu yangu moja kwa moja kwenye kile kiruta cha kampuni ya intaneti, shule nzima ikiwa haipo hewani. Kwa waya jamani, sio wifi, ukipima kwa wifi unakuwa umepima wifi. Spidi testi ikasoma 19 na pointi. Nikarudia saa saba mchana, ile saa ambayo mji mzima uko mtandaoni, ikasoma hivohivo. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu akaniuliza sasa mbona sisi hatuioni? Nikamwambia inaingia getini mkuu, tuitafute inapotelea wapi.

Hapo ndo unaanza kupima ndani, na kifaa cha kwanza ni ping tu, ni amri inayotuma pakiti (kipande kidogo cha data) na kupima jibu linarudi baada ya muda gani, ipo kwenye kila mashine. Kaa kwenye kompyuta ya maabara, ipige ping ruta ya shule yenyewe, usikimbilie Google. Pale ruta ni MikroTik, kwa hiyo ping 192.168.88.1 -t, alaf iache itembee dakika kadhaa huku unafanya mengine. Ndani ya jengo kwa waya majibu yanatakiwa yawe chini ya milisekunde 1, na isipotee hata moja. Safu ya kwanza na ya pili zikawa safi. Safu ya tatu ilikuwa inajibu vizuri, vizuri, alaf ghafla kimya, alaf vizuri tena. Kama pakiti zinapotea kabla hata hazijatoka chumbani, ongeza Mbps 20, ongeza 200, mtoto wa safu ya tatu ataona kiduara kinazunguka tu.

Ping inakuambia kuna kitu, haikuambii ukubwa wake, ndo maana natembea na iperf3. Ni programu ya bure, ndogo, haili chochote. Mashine moja unaandika iperf3 -s inakuwa inasubiri, mashine ya pili unaandika iperf3 -c na anwani ya ile ya kwanza, inasukuma data kwa sekunde 10 alaf inakupa jibu. Intaneti haiguswi hata kidogo, unapima waya na swichi zako tu. Ukimaliza rudia na -R mwishoni ili data irudi upande wa pili, kuna waya unapeleka vizuri kurudisha hauwezi. Kwenye porti za Mbps 100 utapata kama 94, kwenye giga utapata kama 940, kile kidogo kinachopungua ni mzigo wa kawaida wa pakiti zenyewe usihangaike nacho. Safu ya pili ikanipa 94. Safu ya tatu ikawa inacheza kwenye 6 au 7, mara inagusa sifuri, na ile safu ya Retr (utaiona ukirusha data kutoka mashine ya Linux) imejaa namba, maana yake pakiti zinarushwa upya na upya kwa sababu zinafika zimeharibika.

Mwalimu akanibishia, na alikuwa na haki ya kubisha, akasema lakini fundi aliyevuta hizi waya alizipima zote mbele yangu, taa moja mpaka nane zikawaka kwa mpangilio. Nikamwambia nakuamini, hata mimi nikipima na kile kitesa cha taa (kipimio cha waya) zitawaka. Tukapima, zikawaka. Sasa hapa ndo patamu.

Waya wa neti una nyuzi nane ndani lakini kiukweli ni jozi nne, na kila jozi imesokotwa kama kamba ya katani. Kule kusokotwa sio urembo, ndo kunakofuta kelele, uzi mmoja unabeba mawimbi na mwenzie anabeba kinyume chake, kelele ikija inawapata wote sawa na mwisho wa safari inajifuta. Ila hiyo inafanya kazi kama wale wawili waliosokotwa pamoja ndo wanaofanya kazi pamoja. Kwenye kichwa cha RJ45, kile cha plastiki mwishoni mwa waya, jozi zinazotumika kwa Mbps 100 ni pini 1 na 2, alaf 3 na 6. Umeona, 3 na 6, sio 3 na 4. Ndo maana mpangilio wa T568B unaonekana wa ajabu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani kimeachanishwa makusudi, bluu imekaa katikati. Sasa nikaleta kile kichwa cha safu ya tatu karibu na dirisha nikaangalia kwa ndani ya ile plastiki: chungwa na mwenzie, kijani na mwenzie, bluu na mwenzie, kahawia na mwenzie. Kimepangwa kwa rangi, kizuri hata kwa macho. Pande zote mbili hivohivo.

Kwa hiyo kitesa cha taa kinasema uko sawa, maana pini 1 inafika kwenye 1 na 8 inafika kwenye 8, hicho tu ndo kinachojua kuuliza. Lakini pini 3 ni uzi wa jozi ya kijani na pini 6 ni uzi wa jozi ya bluu, wanabeba mawimbi mamoja wakati hawajasokotwa pamoja, kila kelele ya jirani inaingia. Waya wa mita 2 unaweza kuvumilia usijue kitu. Waya wa mita 30 na kitu unaopita juu ya dari pamoja na waya wenzake na taa za tyubu, haufanyi kazi. Nikakata vichwa vyote vya safu ile, nikapanga upya, iperf3 ikarudi 94 zile zile za wenzao. Mwalimu akapiga picha ule mpangilio wa rangi akabandika ukutani, safi sana.

Na nikiwa nakata nikagundua lingine. Nilichuna uzi mmoja na wembe, chini ya ile rangi ya shaba pakatoka peupe. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, mafundi wanaziita CCA. Boksi limeandikwa Cat6 herufi kubwa kabisa, daraja ambalo linatakiwa liwe shaba tupu. Aluminiamu inakatika ukiikunja mara mbili tatu, inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na ukija kufunga kamera au akses pointi (kile kifaa kinachorusha wifi) inayopata umeme kwenye waya huohuo ndo utalia. Sikuwaambia wang'oe zote, hela haipo, nimewaambia kila waya utakaokufa uwekewe wa shaba tupu, na dukani mwombe muuzaji akukatie kipande ukikwangue pale pale mbele yake, akikataa hama duka. Halafu boksi la CCA ni jepesi, ukilinyanyua na la shaba utajua tu.

Maabara nzima kuwa nzito kipindi cha vitendo, hiyo ni hesabu tu. Mbps 20 gawa kwa 40 ni nusu Mbps kwa kila mwanafunzi, na hapo ni kama wote wanagawana sawa, ambayo haitokei. Mashine zinawashwa mara moja kwa wiki, zikiwashwa tu Windows inakumbuka apdeti zote za wiki nzima. Apdeti ya GB 4 kwenye Mbps 20 inakula kama dakika 27 ikiwa peke yake bila mtu mwingine kugusa chochote, sasa piga mara 40. Tulichofanya, tukaruhusu zile mashine zichangiane apdeti zenyewe kwa zenyewe ndani ya neti (ipo kwenye Windows, inaitwa Delivery Optimization, chagua za mtandao wa ndani tu usichague za intaneti nzima), na mwalimu siku hizi anaziwasha jioni kabla ya siku ya kipindi. Kwenye MikroTik nikaweka foleni ya PCQ ili kila mashine ipate fungu lake asitokee dogo mmoja wa kupakua muvi akamaliza zote. Pia zile swichi zilikuwa zimeungwa mkiani, swichi kwenye swichi kwenye swichi za porti 8, zote zinapita kwenye kamkia kamoja ka Mbps 100, kwa intaneti ya 20 haina shida ila wana seva ya video za masomo humohumo ndani, video zikifunguliwa 40 kale kamkia kanajaa. Swichi moja ya giga ya porti 48 ikamaliza.

Mhasibu shida yake ilikuwa rahisi kuiona ukijua pa kuangalia. Ping ya ndani safi, ping ya kwenda nje asubuhi chini ya milisekunde 100, mchana inaruka mpaka zaidi ya 1000. Spidi ipo lakini kila kitu kinasubiri. Mchana ndo walimu wanatoka madarasani simu zinashika wifi zinaanza kupandisha mapicha na mavideo, laini ya kupandisha inajaa, foleni inajengeka ndani ya kiruta cha kampuni, na kaombi kadogo ka mhasibu ka kulipa kitu kanapanga foleni nyuma ya video ya harusi ya mtu. Dawa ni kuibana spidi kwenye ruta yako mwenyewe iwe chini kidogo ya ile unayolipia, kama asilimia 90, hapo foleni inakaa kwako wewe unayeweza kuipanga na mhasibu unamweka mbele. Watu hawaamini kupunguza spidi kunafanya neti iwe nyepesi mpaka waone.

Chumba cha walimu nilicheka kidogo. Amri ya ipconfig inasoma geti (anwani ya ruta ya kutokea) 192.168.0.1 wakati ya shule inaishia 88.1. Kuna mwalimu alileta karuta ka nyumbani ili wifi ifike kwenye meza yake, akachomeka waya wa shule kwenye porti ya LAN (ya mashine za ndani) badala ya ile ya WAN (ya kupokea intaneti), basi kale karuta kakaanza kugawa anwani kwa kila anayewasha mashine. Anayepata ya shule anapeta, anayepata ya karuta hana neti. Tulizima DHCP yake, yaani ule ugawaji wa anwani, tukakaacha kafanye kazi ya wifi tu, maana mzee wa watu wifi aliihitaji kweli.

Kuna siku lakini ni kweli tatizo liko nje. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania nzima tulishikwa na Kenya pia, siku kama hiyo unapiga tracert (amri inayoonyesha njia ya data ruta kwa ruta) unaona ruta yako inajibu, ya kampuni inajibu, halafu huko mbele nyota tupu. Hapo kunja waya zako upumzike.

Mkuu ameniuliza kama warudi Mbps 10. Nimemwambia baki na 20 mpaka Form Four wamalize mitihani alaf tuangalie grafu za ruta pamoja ndo aamue, maana sasa hivi kuna namba za kuangalia. Kilichobaki ni maktaba, akses pointi tatu zote ziko chaneli 6 zinapigiana kelele, zinatakiwa ziwe 1, 6 na 11, na moja wameifunga nyuma ya kabati la chuma. Ngazi ya shule imevunjika, wakinunua nyingine narudi.