Mabomba ya mita 6 juu ya keria ya Noah

Jumamosi nilipeleka mabomba ya PVC saiti Kibaha, yale ya mita 6, na gari yenyewe, Toyota Noah, haifiki mita 5 kwa hiyo lazima yatokeze. Fundi akataka tufunge na mpira wa tyubu nikamwambia hapana kaka, mpira unavutika, ukikanyaga breki ghafla bomba linachomoka kama mkuki.

Tukayafunga kwanza yawe furushi moja maana la katikati halishikwi na kamba, linateleza tu, halafu kamba ya manila ikazunguka furushi mara mbili kwenye kila chuma cha keria, sio kupita juu tu! Ncha ya mbele tukaivuta chini mpaka kwenye ndoano ya kuvutia gari, upepo usije ukainyanyua. Nyuma kitambaa chekundu, na tukaondoka mchana kweupe.

Kilomita kama 3 tu tukasimama kuangalia, kamba zishalegea, tukakaza upya. Hapo ndo wengi wanaparuka na inaniuma kwakweli, kwasababu nyuma yako kuna bodaboda na abiria wake na ile ncha inayoning'inia iko usawa wa uso wao.