Siku yangu moja gereji, Changamwe: hedi ya Probox

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua kibanda chetu cha mabati. Kahawa chungu, mahamri mawili, oili ya tuktuk mbili, breki za matatu. Hadi saa tatu hayo yamekwisha.

Saa tatu u nusu likaja gari, Toyota Probox, likivutwa kwa kamba. Mwenyewe, mtu wa makamo, alitoka nalo Voi usiku akiongeza maji kila lilipochemsha. Alitaka kufungua rejeta, kile kipoza maji ya injini, papo hapo, nikamzuia. Nina kovu mkononi tangu uanagenzi kwa ajili ya rejeta iliyofunguliwa ikiwa moto.

Nikachomoa kijiti cha oili. Kimetoka na rangi ya chai ya maziwa.

"Ami, gasketi ya hedi imeungua, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, mwili wake. Maji yameingia kwenye oili."

"Haiwezekani. Mshale wa joto ulishuka nilipofika Mariakani, nikajua limepoa."

Injini nyingi hufia hapo. Kile kifaa cha joto hupima maji. Maji yakiisha, mshale waweza kushuka huku chuma kinaungua.

Akataka nimwagie dawa ya chupa ya kuziba mvujo aende zake. Nikakataa. Basi nibadilishe gasketi tu, hedi irudi kama ilivyo? Nikakataa tena. Hedi ile ni alumini, ikichemka sana hupinda. Tulipoifungua nikailaza, nikaweka rula ya chuma juu ya uso wake, nikampa ami geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi, ashike mwenyewe. Jani la 0.05 la milimita halitakiwi kupita. La 0.10 likapita kati ya silinda ya pili na ya tatu.

"Fundi, hapo hata unywele haupiti."

"Hata kama unywele haupiti, ami, moto wa silinda unapita."

Akampigia fundi mwingine, akaweka spika mbele yangu. Yule, ambaye hata gari hajaliona, akasema natafuta pesa. Iliniuma. Miaka yote hii najifunza kusikiliza injini, kisha neno la simu lishinde rula! Nilinyamaza, nikaendelea kufungua rejeta. Ndani kutu na chokaa tupu: alikuwa akitia maji ya kisima, na visima vyetu vingi Mombasa vina chumvi. Nikamwonyesha. Akakaa chini kwenye tairi, akasema peleka hedi ikasagwe inyooke.

Bodaboda hadi Shimanzi, hedi mapajani, trela zimefunga njia Kibarani. Foleni ya kusagisha uso. Jua la mchana. Kurudi, simu yake imeita mara sita: bado?

Baada ya hapo saa sikuitazama tena. Kusafisha uso wa bloku, rejeta nyingine, oili mpya. Kisha bolti 10 mpya, kuanzia katikati kwenda nje: nyutoni-mita 29 kwanza kwenye spana ya kipimo, halafu robo mzunguko, halafu robo nyingine. Dogo anahesabu kwa sauti, mimi nakaza. Hapo hata mama yangu akipiga sipokei.

Adhana ya isha ilipita tukiwa bado tunafunga mipira ya maji. Likawaka. Moshi mweupe kidogo, ukaisha. Kwenye rejeta hakuna povu. Feni ikaingia, ikakata, ikaingia tena. Mgongo wangu ulikuwa kama ubao, lakini sikuondoka pale.

Ami akainama kando yangu, akaniuliza taratibu atie maji gani kuanzia leo.