Lenzi iliyotoka jasho

Usiku wa tatu mfululizo galaksi ya Andromeda, lile kundi kubwa la nyota, ilitoka pichani kama doa la maziwa. Nililaumu taa za barabarani, nikalaumu hata mwezi. Kumbe kosa langu: kamera hukaa chumba chenye kiyoyozi, kisha naitoa ghafla uani, hapa Kisauni, kwenye fukuto la bahari. Lenzi inatoka jasho kama gilasi ya maji baridi!

Sasa naifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki nikiwa bado chumbani, naiacha nje saa nzima, ndipo naifungua. Lenzi ya milimita 85, picha 300 za sekunde 3, nikazirundika kwa kompyuta ziwe picha moja. Nuru iliyosafiri miaka milioni 2.5 ikatoa kiini cha galaksi na umbo lake la duaradufu. Mama akachungulia: "Ndiyo hiyo tu?"