Megawati 180 Zilipotoka kwenye Gridi

Jioni ile gridi, mtandao wa umeme tunaouongoza, ilikuwa imebeba megawati 1,400 na frikwensi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo hushuka uzalishaji ukizidiwa na mzigo, ilikuwa ikichezacheza karibu na hezi 50. Akiba yetu, yaani nguvu ambayo mitambo inayozunguka ingeweza kuongeza, ilikuwa megawati 110, yote kwenye mitambo ya maji, ilhali mtambo mkubwa kuliko yote ulikuwa unatoa 180. Hesabu yenyewe ilishasema: huo ukitoka, yaani ukizimika ghafla, kuna watakaokaa gizani.

Ukatoka. Kengele zililia zote kwa pamoja, lakini hakuna aliyeziangalia; macho yalikuwa kwenye frikwensi. 49.7. 49.4. 49.1. Hazikupita sekunde mbili. Kilichopunguza kasi ya anguko ni uzito wa mashine zilizobaki zikizunguka. Gavana za mitambo ya maji, vidhibiti vya kasi yake, zilishaanza kufungua milango ya maji, ila maji hayakimbizwi: mlango ukifunguka ghafla, shinikizo ndani ya bomba hushuka kwanza, na kwa kitambo mtambo hutoa umeme pungufu kuliko mwanzo.

Ilipofika 49.0 relei, swichi za ulinzi zinazojiendesha zenyewe, zikakata kundi la kwanza la fida, yaani laini zinazopeleka umeme kwa wateja, megawati 95. Frikwensi ikagusa 48.8, ikageuka, ikatulia 49.6. Gavana huzuia anguko tu, haikurudishi 50. Tuliwapigia simu waendeshaji wa mabwawa wapandishe kidogo kidogo, na tulipofika 50 akiba iliyobaki haikufika megawati 30.

Hapo simu ikaita kutoka kituo kimoja cha kupozea umeme.

"Mkuu, naona hamsini imesimama. Nirudishe fida?"

"Bado. Subiri mitambo ya gesi iingie."

"Wateja wananipigia, mkuu."

"Waambie wavumilie. Tukirudisha sasa tutakata tena."

Fida iliyokaa bila umeme hairudi na mzigo uleule. Friji zote zimepata joto, matangi yameshuka, kwa hiyo kompresa na pampu ambazo kwa kawaida hupokezana huwaka zote mara moja. Mitambo miwili ya gesi ilipounganishwa, tulifunga fida ya kwanza: iliondoka ikivuta megawati 6, ikarudi na 9. Frikwensi ikachovya, tukasubiri inyanyuke, ndipo tukafunga ya pili. Kazi ya kuchosha kweli, hasa simu zinapoita.

Mtambo uliotoka haukurudi usiku ule. Bomba la boila yake, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, lilikuwa linavuja. Kuanzia saa 4 usiku mzigo ukaanza kushuka wenyewe, tukaweza kupunguza maji mabwawani na kuijenga akiba upya kabla ya asubuhi.