Kuifuata Sosi ya Siki Mashariki mwa North Carolina

Chupa ya kwanza ya sosi ya siki niliyoitengeneza nyumbani Arusha niliimwaga yote. Dada yangu, anayeishi Greensboro katika jimbo la North Carolina, alikuwa amenisimulia kwa simu kwamba huko nyama ya nguruwe huchomwa taratibu usiku kucha hadi ichambuke kwa vidole, kisha hukolezwa kwa siki, chumvi na pilipili, bila nyanya na bila kitunguu. Mimi ninauza kitimoto katika jiko dogo la mtaani, na maelezo yake yalinikaa moyoni kwa sababu wateja wangu hawaigusi nyama ile kabla ya kuikamulia ndimu. Basi nikanunua siki nyeupe dukani, nikaitia pilipili kavu na chumvi, nikaionja kwa kijiko, ikanikaba koo. Nikaongeza sukari, nikaonja tena. Nikaongeza maji, kisha tomato sosi, na kila nilipoonja nilirekebisha, hadi nikabaki na maji mekundu yaliyokuwa matamu, yasiyo na ukali wala faida yoyote kwa nyama.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kwenda kumwona dada, nikafika mwezi wa Oktoba. Nilimwomba jambo moja: nipelekwe mahali ambapo watu wameikulia sosi hiyo, nikaione inavyotumiwa. Shemeji, ambaye ni mzaliwa wa Bukavu na ambaye kazi yake ya kuendesha lori imemfundisha barabara zote za jimbo lile, alikubali kunichukua siku yake ya mapumziko. Greensboro ina familia nyingi zilizotoka Kongo, na asubuhi ile tulipopita kujaza mafuta nilisalimiwa kwa Kiswahili na kijana ambaye hajawahi kuiona Afrika Mashariki ninayoijua mimi.

Tuliondoka kabla ya mapambazuko kwa barabara kuu namba 40, tukapita Raleigh kukiwa kumekucha, kisha tukashika barabara namba 70 kuelekea mashariki. Hapo vilima huisha. Nchi inakuwa tambarare, misonobari pande zote, na katikati yake mashamba ya pamba iliyopasuka nyeupe na mashamba ya viazi vitamu vilivyokuwa vikivunwa. Shemeji alinieleza kwamba upande huu wa jimbo neno barbekyu ni jina la chakula chenyewe, wala halimaanishi kitendo cha kuchoma wala sherehe ya kuchomea nyama uani: ni nguruwe mzima, aliyechomwa juu ya makaa ya kuni, akakatwakatwa na kukolezwa kwa siki. Ukienda magharibi, alisema, huchoma bega peke yake na sosi yao hutiwa nyanya kidogo. “Shemeji, ukitaka ugomvi hapa,” aliniambia, “waulize kipi ni bora.”

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Goldsboro, umbali wa kilomita zipatazo 80 kutoka Raleigh. Nilitaka kununua sosi inayoitwa Scott's, ambayo asili yake ni mji huo. Aliyeianzisha ni Adam Scott, mhubiri Mmarekani Mweusi wa mwanzoni mwa karne ya 20, na simulizi la familia yake ni kwamba mapishi hayo alioteshwa usingizini. Tuliipata katika duka kubwa la kawaida, imepangwa rafuni pamoja na haradali na mayonezi. Ni nyepesi kama chai ya rangi, na chini ya chupa pilipili na viungo vimetuama, kwa hiyo ni lazima kuitikisa kabla ya kumimina. Niliifungua nikiwa ndani ya gari, nikamimina kidogo kwenye kizibo na kuonja. Ilinikaba koo vilevile kama ile niliyoimwaga Arusha. Nilikaa kimya kwa muda, kwa maana nilikuwa nimesafiri bara moja hadi jingine nikiamini kwamba kuna kiungo nilichokikosa, na sasa sosi yenye sifa ya karne nzima ilikuwa ikinifanyia jambo lilelile lililonikatisha tamaa jikoni kwangu.

Kutoka Goldsboro tuliteremka kusini kilomita chache hadi Dudley, kwenye mgahawa wa Grady's, ambao ulifunguliwa mwaka 1986 na mume na mke Weusi, Steve na Gerri Grady. Ni nyumba ndogo kando ya njia, katikati ya mashamba. Nguruwe huchomwa usiku: kuni za mwaloni na hikori huunguzwa pembeni hadi ziwe makaa, kisha makaa hayo husambazwa kwa beleshi chini ya nyama, kidogo kidogo, saa baada ya saa. Hakuna miali inayoigusa nyama. Shahamu inayodondoka juu ya makaa hupanda tena kama moshi, na moshi huo ndio unaotangulia kukukaribisha kabla hujaufungua mlango.

Tuliletewa nyama iliyokatwakatwa, sukuma wiki iliyopikwa hadi ikalegea kabisa, kabichi iliyokunwa, na tonge ndogo za unga wa mahindi zilizokaangwa kwenye mafuta. Nilipoiona ile sukuma wiki nilihisi nimefika kwa watu ninaowajua. Wala si hisia tupu. Walioinama juu ya makaa haya kwa vizazi vingi, tangu enzi za utumwa, walikuwa Waafrika na wajukuu wao. Wao ndio waliokesha wakichoma nguruwe kwa ajili ya karamu ambazo hawakualikwa kukaa mezani. Siwezi kula chakula hiki bila kuwakumbuka, na ninaona ni haki wakumbukwe kila panapotajwa mapishi yake.

Mezani palikuwa na chupa ya sosi. Niliichukua nikaanza kumimina kwenye kijiko, na mzee mmoja aliyeketi meza ya pili, mwenye kofia ya mkulima, akaniuliza kwa upole ninafanya nini. Nilimweleza kwamba natafuta kujua ladha yake. Alitikisa kichwa, akaniambia kwamba siki ile haina ladha yake peke yake, na kwamba nyama niliyokuwa nayo mbele yangu ilikwisha kutiwa sosi jikoni. Nikala kijiko cha nyama tupu. Sikuhisi uchachu wa siki ukinijia kama siki. Nilichohisi ni nyama yenye mafuta ambayo haikinaishi, chumvi iliyoenea sawasawa, na pilipili iliyokuja mwishoni, taratibu, baada ya kumeza. Nikaongeza matone machache kutoka kwenye chupa, na hapo tu ndipo nilipoweza kuitambua sosi kama kitu cha kando.

Maneno ya mzee yule niliyathibitisha kwa macho yangu huko Ayden. Tulipita Kinston, kisha tukashika barabara namba 11 kwenda kaskazini. Ayden ni mji mdogo sana, ambao kila Septemba huwa na sikukuu ya sukuma wiki, na ndani yake umo mgahawa wa Skylight Inn, ulioanzishwa na Pete Jones mwaka 1947. Hauwezi kukupotea, kwa sababu juu ya paa lake kuna kuba linalofanana na lile la jengo la Bunge la Marekani mjini Washington. Jambo lililonileta, hata hivyo, lilikuwa nyuma ya kaunta. Hapo husimama mtu mwenye visu viwili vizito vya buchani, kimoja kila mkono, mbele ya gogo la kukatia ambalo katikati limebonyea kwa mapigo ya miaka. Mlio wa visu vile hausimami. Ni kama watwangaji wawili wanaopokezana mchi.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nyama ilikuja kutoka kwenye jiko ikiwa bado inatoa mvuke: bega, paja, mbavu na tumbo, sehemu kavu na sehemu zenye mafuta, zote pamoja. Mkataji alizichanganya kwa visu, akatia vipande vya ngozi iliyokauka hadi ikawa inavunjika kama kaukau, na wakati huohuo, nyama ikiwa ingali moto, akanyunyiza chumvi, akamimina siki na sosi ya pilipili, akakata tena, akageuza, akakata. Siki ilipogusa nyama ile ya moto, mvuke mkali ulipanda mara moja na kutoweka. Hapo ndipo nilipoelewa. Sehemu ya ukali ule ulionikaba koo nyumbani huondoka na mvuke, sehemu hufungwa na mafuta, na kinachobaki huingia kati ya nyuzi za nyama zilizokwisha kulegea. Mimi nilikuwa nimeionja sosi ikiwa baridi na peke yake, kisha nikaitibu kwa sukari ugonjwa ambao haukuwa wake.

Tulipewa nyama kwenye kisahani cha karatasi, juu yake kipande cha mkate wa mahindi, mwembamba na mzito, na juu ya mkate kabichi. Ngozi ilisikika chini ya meno katikati ya ulaini wote ule. Shemeji, ambaye kwa miaka sita alikuwa akipita barabara ile na lori bila kusimama, aliagiza sahani ya pili.

Siku mbili baadaye tulikwenda pia Lexington, kusini mwa Greensboro, kwa kuwa ni karibu na kwa kuwa dada alisisitiza. Huko biashara hii ilianza mwaka 1919 kwa mahema yaliyosimikwa karibu na mahakama, na tangu mwaka 1984 mji huwa na tamasha lake la barbekyu kila Oktoba. Huchoma mabega, na sosi yao, ambayo wao huiita dipu, ni siki iliyotiwa tomato sosi na sukari. Hata kabichi huchanganywa nayo ikawa nyekundu. Ni tamu, na ningeila tena kwa furaha. Lakini baada ya Ayden niliona nyanya ile inasimama mlangoni ikizuia moshi usipite, na nikajua upande wangu.

Kabla ya kuondoka nilifanya majaribio jikoni kwa dada. Bega lenye mfupa, la kilo 3 na nusu, nililipaka chumvi usiku, na asubuhi nikaliweka kwenye jiko la mkaa lenye kifuniko, makaa upande mmoja na nyama upande mwingine, joto likiwa kati ya nyuzi 110 na 120 za Selsiasi. Lilipofika nyuzi 70 hivi ndani lilikwama kwa saa nyingi, kwa sababu maji yanayotoka kwenye nyama huipoza kadiri moto unavyoipasha. Mtu asiyejua huongeza moto hapo na kuiharibu. Nilingoja. Lilipofika nyuzi 93, baada ya saa kumi na mbili, mfupa ulitoka mkononi mwangu bila kuvutwa.

Sosi nilikuwa nimeitengeneza siku mbili kabla, kwa maana pilipili huhitaji muda wa kuachia ladha yake. Nilichukua nusu lita ya siki ya tufaha na nusu lita ya siki nyeupe, zote zenye asidi ya asilimia 5, vijiko viwili vya chakula vya chumvi, vijiko viwili vya pilipili kavu iliyopondwa na mbegu zake, kijiko kimoja cha pilipili manga iliyosagwa wakati huohuo, na kijiko kimoja cha sukari ya kahawia, ambacho wapo mashariki watakaokikataa. Nilipasha kidogo tu hadi chumvi ikayeyuka, nikamimina katika chupa ya kioo. Sufuria ya aluminiamu haifai kwa kazi hii, kwa kuwa siki huila na kuchukua ladha ya chuma. Nyama nilipoichambua ikiwa ya moto nilimimina sosi kiasi cha kikombe kimoja cha chai, nikageuza kwa mikono yenye glavu, nikaonja nyama, nikaongeza chumvi. Sikuonja sosi.

Sasa nimerudi Arusha. Kuni za mwaloni sina, lakini mibuni mizee inayokatwa mashambani hutoa makaa magumu yanayodumu, na moshi wake ni mpole. Siki ya tufaha hapa ni ghali, kwa hiyo ninaichanganya robo kwa robo tatu za siki nyeupe, na nimepunguza pilipili kwa kuwa zetu ni kali zaidi. Jumamosi ninalaza mabega mawili motoni saa nne usiku, na ndimu bado ninaziweka mezani kama zamani. Wiki iliyopita, nilipokuwa nikiondoa sahani, nilikuta nyingi hazijakatwa.