Siku moja maishani mwangu: fanksheni iliyoonyesha 0.025 ikakata 0.03

Saa 2:15 asubuhi. Mwendokasi ya Kimara imenishusha Posta shati limeshalowa. Kwenye simu, kijana wa zamu ya usiku: "Shikamoo kaka. Ankara bado zinakatwa tozo ya asilimia 3, na jana tuliishusha kuwa 2.5."

Saa 3. Anaapa kodi ya programu (maandishi yake) ni mpya, na ushahidi anao. Ameingia konsoli ya programu yenyewe ikiwa inaendelea na kazi, akaita `inspect.getsource(kokotoa_tozo)`, amri ya kuonyesha maandishi ya fanksheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja, hapa kukokotoa tozo), na Python, lugha ya programu yetu, ikamwonyesha 0.025. Basi kosa liko kwenye hifadhidata, anasema, na nusu ya timu imeshahamia huko. Mimi sikuhama.

Saa 4. Namvutia kiti. Fanksheni ya Python ikishapakiwa haibebi maandishi yake. Inabeba baitikodi, yaani maagizo ambayo Python imeshayatafsiri ili kuyatekeleza, pamoja na jina la faili (`co_filename`) na namba ya mstari wa kwanza (`co_firstlineno`). `getsource` huchukua hivyo viwili, huenda kwenye diski na kusoma kilichoko pale sasa hivi. Ni sawa na kumfuata mtu kwa namba ya nyumba: aliyehamia jana ndiye atakayekufungulia mlango.

Kilichomponza ni kwamba badiliko lilikuwa la tarakimu tu, mistari haikusogea. Ingesogea, angeletewa kipande cha fanksheni nyingine na angeshtuka mapema.

Tunaandika `kokotoa_tozo.__code__.co_consts`, orodha ya namba ambazo fanksheni iliyopakiwa inazibeba. Ndani yake: 0.03. `dis.dis`, inayoonyesha baitikodi yenyewe, inasema hivyo hivyo. "Jamani, hifadhidata iacheni!"

Saa 7. Wali maharage.

Saa 8. Kijana kanogewa, anajaribu `getsource` kwa kila kitu. `len` inamtupia kosa la TypeError, kwa sababu imeandikwa kwa lugha ya C. Fanksheni iliyozaliwa ndani ya `exec`, inayoendesha maandishi kama programu, inampa kosa la OSError: jina la faili lake ni `<string>`, na faili hilo halipo. Nisilolipenda mimi ni la dekoreta, yaani fanksheni inayofunika nyingine. `functools.wraps` huiachia ile ya nje kiungo cha `__wrapped__`, `getsource` huifuata hadi fanksheni ya ndani, na ile ya nje inayotangulia kukimbia huioni kabisa.

Saa 10. Chanzo kimepatikana: skripti ya kusambaza kodi ya programu hunakili mafaili na kuwasha upya tovuti, lakini mchakato wa ankara, programu inayojiendesha peke yake, haiugusi. Tunauwasha upya. Asilimia 2.5.

Saa 11 jioni. Anapendekeza kila mchakato ukiwaka uandike kwenye logi (kumbukumbu zake) heshi, alama fupi ya utambulisho, ya `co_code`, yaani maagizo ya baitikodi. Wazo zuri, ila lisingetusaidia leo: maagizo hutaja nafasi ya namba tu, namba zenyewe hukaa `co_consts`, kwa hiyo heshi ingebaki ile ile. Badala yake tumeandika namba ya komiti (commit, toleo la kodi lililohifadhiwa), inayosomwa mara moja mchakato unapowaka.